Kuanzisha bonsai ya mvinje kutoka kitaluni, kwa hali ya Malindi

Anayeanza bonsai, yaani kulea mti mdogo chunguni ukaonekana kama mti mkubwa wa zamani, huku pwani karibu kila mara hutaka msonobari, kwa kuwa picha alizoziona ni za misonobari ya Kijapani. Anaagiza mche kutoka bara, unateremshwa stendi ukiwa kijani kibichi, na kusi haliishi kabla haujaanza kuwa kahawia. Msonobari unaopatikana kwa urahisi kwenye vitalu vya nyanda za juu ni ule wenye asili ya Mexico, Pinus patula, mti wa milimani na wa baridi ya asubuhi. Malindi haina mlima wala baridi. Sindano zake nazo zinaning'inia, ndefu kupita sentimita 15. Kwenye mti wa urefu wa mkono haziwezi kupendeza.

Mti wa kuanzia hapa ni mvinje.

Unachokinunua hasa

Mvinje si msonobari, ingawa una koni ndogo na majani membamba yanayowadanganya wengi. Chukua "sindano" yake moja uilete karibu na jicho. Ni kijitawi cha kijani chenye viungo vingi, na kila kiungo kimezungukwa na meno madogo mno, sita hadi manane. Yale meno ndiyo majani yenyewe. Sasa kivute taratibu kwa ncha za vidole: kinaachana palepale kwenye kiungo, safi, bila kuacha nyuzi. Likumbuke hilo, tutalihitaji kwenye kupogoa.

Kinachonipendeza zaidi kiko chini ya udongo. Mizizi ya mvinje hubeba vinundu, na ndani yake wanaishi bakteria wa Frankia wanaovuta naitrojeni kutoka hewani. Ndiyo maana mti huu unaota penye mchanga mtupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipotaka kuotesha msitu kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, palipobaki matumbawe matupu, mvinje ulikuwa miongoni mwa miti michache sana iliyokubali. Mti ulioweza kukaa pale hautakushinda kwenye beseni.

Wala si mti wa kubahatisha katika kazi hii. Indonesia, hasa kisiwa cha Madura, wanautengeneza sana kuwa bonsai na wanauita cemara udang. Taiwan pia wanao. Tatizo lake ni umri: mvinje wa kawaida huishi miaka 40 hadi 50 hivi. Anayeota mti kama ule msonobari mweupe wa familia ya Yamaki, ulioanza kulelewa chunguni mwaka 1625, ukanusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, kisha ukapelekwa Washington mwaka 1976 kama zawadi ya Japani, na atafute mti mwingine. Mimi miaka 40 inanitosha.

Kitaluni: tafuta mche waliokwisha kuukataa

Miche ya mvinje Malindi huoteshwa kwa ajili ya boriti na fito. Anayeiuza anajua mteja anataka mti ulionyooka, usio na matawi ya chini, ili baada ya miaka michache ukatwe ukaezekewe makuti. Wewe unataka kinyume chake kabisa, na mazungumzo yake huwa hivi:

"Huo mbovu, mwanangu, ulitafunwa na mbuzi. Chukua huu."

"Nautaka huohuo, mama."

Usieleze sana sababu, bei isije ikapanda.

Nenda moja kwa moja nyuma ya kitalu, kwenye miche iliyosahaulika ambayo mizizi yake imeshatoboa karatasi, ule mfuko wa plastiki wa mche, ikaingia ardhini. Hiyo ndiyo iliyonenepa. Mche mwembamba kuliko penseli haujafikia, utakaa nao miaka mingi bila kuona chochote. Unene wa kidole gumba ni mzuri, na ukipata zaidi ya hapo umebahatika. Kisha futa udongo wa juu kwa kidole, sentimita mbili au tatu, uone mahali shina linapoingia ardhini. Unatafuta mizizi inayotawanyika pande kadhaa. Ukikuta mzizi mmoja mnene umejizungusha shinani, uache mche huo hata kama juu unavutia, kwa sababu mzizi ule utaendelea kulikaba shina na hakuna waya utakaouficha.

Matawi ya chini ndiyo mali. Mche wenye matawi matatu au manne ndani ya sentimita 15 za mwanzo una thamani kuliko mrefu wenye kichaka juu. Mwisho, papasa ncha: ziwe ngumu na za kijani. Sisimizi wakipanda na kushuka kwa wingi, geuza vijitawi uangalie kama kuna vidukari au vidugamba, maana sisimizi hufuata utamu wao.

Kama mizizi imeingia ardhini, omba ikatwe kwa panga kali, usikubali mche ung'olewe kwa kuvutwa. Ukifika nyumbani, uweke kwenye kivuli chepesi, umwagilie, na usiuguse hadi utoe ncha mpya.

Kalenda

Kazi ya juu na kazi ya mizizi zisifanywe msimu mmoja. Mpango ninaoupendelea ni kununua Agosti au Septemba, kukata juu wakati wa vuli, Oktoba na Novemba, kisha kugusa mizizi masika yakianza, Aprili. Januari hadi Machi, kaskazi likivuma na jua likiwaka, mwagilia tu. Ukikata mizizi katika miezi hiyo unautafutia mti kifo.

Nenda ufukweni kabla ya kushika mkasi

Tembea kando ya bahari uangalie mivinje mikubwa iliyopandwa karibu na maji. Kusi huipiga kutoka baharini miezi mingi ya mwaka. Utaona shina limeinamia nchi kavu, upande wa baharini una matawi machache au vigongo vikavu vilivyosalia, na matawi yote, hata yaliyoota upande wa upepo, yamepinda kurudi upande mmoja. Anayetengeneza umbo la mti uliopigwa na upepo mara nyingi hukosea hapo kwenye matawi ya upande wa upepo: huyakata yote, au huyaacha yakielekea baharini kana kwamba upepo umeyaogopa.

Si lazima uchague umbo hilo. Mvinje uliosimama wima nao unapendeza. Lakini angalia angalau jinsi shina linavyopungua unene kutoka chini kwenda juu, kwa sababu mche wa kitaluni hauna hilo na wewe ndiye utakayeutengenezea.

Nyumbani, weka mche juu ya meza, urefu wa macho yako, uuzungushe polepole. Unatafuta mbele ya mti, upande utakaotazamwa: ni pale mizizi inapoonekana imetanuka zaidi na shina linapokuja kidogo kukulaki. Tia alama kwa uzi.

Kukata juu

Hesabu ya kawaida ya bonsai ni urefu wa mara sita ya unene wa shina chini. Shina la sentimita 3 linakupa mti wa sentimita 18 hivi. Mche wako pengine una mita nzima, kwa hiyo sehemu kubwa itaondoka. Tafuta tawi changa, la kijani, lililo kama theluthi moja ya urefu unaoutaka, likielekea upande unaofaa. Hilo ndilo litakuwa kilele kipya. Kata shina juu yake kwa msumeno wa chuma, ukiacha kigutu cha sentimita moja au mbili. Kigutu hicho kitakauka, nawe utakisawazisha baadaye.

Usiache tawi lolote unalolihitaji bila kijani. Ufupishe uwezavyo, lakini ncha yake ibaki na vijitawi vinavyoishi. Mvinje wenye afya huchipua shinani, na mara nyingi huchipua kwa wingi, lakini tawi moja lililonyolewa kabisa aghalabu hukauka. Kidonda kikubwa kipake gundi ya mbao.

Usiondoe pia kila usichokitaka siku hiyohiyo. Tawi moja nene la chini liache likue ovyo mwaka mzima. Hilo halimo kwenye umbo, kazi yake ni kunenepesha shina, kisha linakatwa. Wageni wa kazi hii hawalipendi kwa sababu linaharibu sura, na wakilikata mapema hubaki na shina jembamba miaka yote.

Waya na mshipi

Waya wa kufungia nondo uko kila duka la vifaa vya ujenzi, nao haufai: ni mgumu, na kwa hewa hii ya chumvi unashika kutu haraka na kuchafua gome. Muombe fundi wa stima mabaki ya waya wa shaba wa uzi mmoja, ule wa moja na nusu na ule wa mbili na nusu. Menya plastiki kwa kisu, usiichome, moshi wake ni sumu. Tandaza shaba tupu juu ya makaa ya jiko hadi iwe nyekundu hafifu, kisha uiache ipoe. Ikishapoa inajipinda kwa vidole. Ukiipindapinda inarudi kuwa ngumu, kwa hiyo usiichezee kabla ya kazi.

Waya uwe kama theluthi ya unene wa tawi. Anzia shinani, zungusha kwa mshazari, mizunguko isigusane wala isibane. Waya mmoja ushike matawi mawili yaliyo karibu, kila moja likiwa nanga ya mwenzake. Halafu shika tawi kwa mikono miwili, vidole gumba ndani ya pindo, na ulisogeze kidogo kidogo. Matawi ya mvinje hupenda kwenda juu. Yashushe yangali ya kijani au kahawia changa, kwa sababu mbao za mti huu zikikomaa ni ngumu kweli na hazitakusikiliza.

Kwa tawi lililokomaa ninapendelea mshipi wa kuvulia. Funga kitanzi chenye kipande cha mpira wa baiskeli chini yake ili usikate gome, vuta tawi chini, ufunge mwisho wa mshipi kwenye ukingo wa beseni. Kila wiki mbili kaza kidogo. Hauonekani kwa mbali, hauozi, na Malindi hukosi mtu wa kukupa.

Kagua waya kila wiki wakati wa mvua. Mvinje hunenepa haraka na alama ya waya iliyozama kwenye gome hukaa muda mrefu. Kutoa, kata waya vipande vipande kwa koleo. Usiuzungushe kinyume, utavunja ulichokipinda.

Mizizi na udongo

Ifike Aprili, mvua mbili tatu zimenyesha na mti una ncha mpya. Andaa udongo kwanza, kila kitu kiwe tayari, kwa sababu mizizi ya mvinje iliyo wazi hukauka upesi mno. Fanya kazi asubuhi na mapema au alasiri ya mawingu, ukiwa na ndoo ya maji na gunia bichi karibu.

Mchanganyiko ninaoutumia ni vipimo viwili vya matofali mekundu au vigae vilivyopondwa, kipimo kimoja cha makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, na kipimo kimoja cha mchanga mkubwa. Matofali chekecha mara mbili: kwanza yapite kwenye wavu wa milimita 6, kisha unga wote utoke kwenye wavu wa milimita 3. Unga ule ndio unaoziba hewa, usiuonee huruma. Makumbi yaloweke siku mbili ukibadilisha maji, yanatoa chumvi na rangi. Mchanga wa ufukweni unaweza kuutumia ukiuosha, kwa kuwa mvinje hauchukii chokaa ya makombe, lakini wa mto ni bora.

Halafu ongeza viganja viwili vya udongo kutoka chini ya mvinje mkubwa. Humo mnaweza kuwa na wale bakteria wa vinundu, na udongo wa matofali mapya hauna kitu.

Chombo cha kwanza kisiwe cha fahari. Beseni la plastiki la kufulia, pana, kina cha sentimita 10 au 12, lililotobolewa matundu mengi, linatosha. Karai la bati linapata moto sana juani. Matundu yafunike kwa wavu wa mbu, na upitishe waya mbili kutoka chini zikisubiri kufunga mti.

Chana karatasi. Kwa kijiti cha mshikaki, chambua mizizi kuanzia ukingoni kuelekea ndani. Ile iliyojizungusha inyooshe au ikate. Mzizi mnene unaoshuka chini kabisa ufupishe, ule wa pembeni mwembamba uutunze kwa sababu huo ndio utakaolisha mti. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya mizizi yote, na udongo wa zamani ulio karibu na shina uache robo yake. Ukikutana na vinundu vya rangi ya udongo vilivyoshikana, hao ni rafiki zako.

Weka kilima kidogo cha udongo, kalisha mti juu yake, uzungushe kulia na kushoto hadi ukae, kisha funga zile waya. Hatua hii watu huiruka. Kusi likianza, mti usiofungwa hutikisika, na kila ukitikisika mizizi mipya mieupe inakatika. Jaza udongo, uchomechome kwa kijiti hadi usikie haushuki tena. Mwagilia hadi maji yatokayo chini yawe safi.

Wiki mbili za kwanza uweke chini ya mwembe au upande wa ukuta usio na upepo. Baada ya hapo anza na jua la asubuhi, kisha la mchana. Mvinje hautaki kivuli. Ukiukalisha barazani kwa ajili ya wageni, matawi ya chini yatakauka moja baada ya jingine.

Maji na chumvi

Vitabu vingi vya bonsai vimeandikwa kwa ajili ya misonobari na vinasisitiza udongo ukauke kidogo kati ya kumwagilia. Kwa mvinje sahau. Kwenye beseni Malindi, mwagilia asubuhi na jioni wakati wa kiangazi. Ukikauka hautakuonya: kijani kinabaki kijani siku kadhaa huku mti umeshakufa. Wakati wa joto kali kalisha beseni ndani ya sinia yenye maji ya kina cha kidole, hautalalamika.

Mvinje unavumilia maji ya kisima yenye chumvi, lakini kwenye chombo chumvi haina pa kwenda. Ukiona ukoko mweupe ukingoni, imeanza kurundikana. Maji ya mfereji ni bora, na mvua ikinyesha toa mti nje upigwe na mvua yenyewe.

Mbolea: samadi ya mbuzi iliyooza, konzi moja juu ya udongo kila baada ya miezi miwili. Naitrojeni mti unajitafutia, ukiuzidishia mbolea ya dukani vinundu vinapungua na vijitawi vinarefuka kama nywele.

Kupogoa

Nguvu ya mvinje iko kileleni. Ukiuacha, juu panakuwa msitu na chini pananyauka. Kwa hiyo juu punguza sana na mara kwa mara, chini punguza kidogo na kwa nadra. Kwa matumizi ya kila siku usitumie mkasi: shika kijitawi katikati na ukivute, kitaachana kwenye kiungo. Mkasi ukikata katikati ya kiungo huacha ncha ya kahawia, na ncha elfu moja za kahawia huufanya mti uonekane mgonjwa. Chipukizi zinazoota makwapani na zile zinazoning'inia chini ya tawi ziondoe zote, upande wa chini wa tawi uwe safi.

Kama msonobari unao tayari

Usiutendee kama mvinje. Usikate tawi lake nyuma ya sindano za mwisho, halitachipua tena. Mizizi yake usiioshe ikabaki mitupu, maana ule ukungu mweupe ulioshikana nayo unausaidia kula, na chambua nusu moja tu ya mizizi kila unapobadilisha udongo. Udongo uwe wa kokoto tupu za matofali, maji yapite mara moja. Aina ya Pinus caribaea, ya nchi za joto za Karibi na Amerika ya Kati, ina nafasi nzuri zaidi pwani kuliko patula, ingawa sindano zake nazo ni ndefu.

Chombo cha udongo, baadaye

Mvinje usitoke kwenye beseni kabla shina halijafika unene unaoutaka, kwa sababu kwenye chombo kidogo kunenepa kunakaribia kusimama. Mwenye uwanja anaweza hata kuupanda ardhini mwaka mmoja au miwili, juu ya kigae kipana ili mizizi itanuke badala ya kuzama. Ukiwa tayari, na masika yameanza, nunua kile kisahani kinene cha udongo cha kuwekea chini ya chungu cha maua, kina cha sentimita 5 au 6. Kiloweke usiku kucha, kigeuze juu ya mchanga uliolowa, na utoboe matundu manne kwa kekee ya ukutani, taratibu, bila mtetemo wa nyundo, ukimimina maji kila mara. Kikikauka katikati ya kazi kinapasuka.